Kofia Mbili za Valentine

Jumatano tarehe 17 Julai 2024, Machuki Mogire, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alipiga muhuri karatasi inayosema kwamba Valentine Akeyo, mfanyakazi wa nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, amepewa kofia mbili na mwajiri wake. Karatasi hiyo sasa imo katika faili la kesi mjini Homa Bay. Hakukuwa na kofia yoyote.

Machuki ana umri wa miaka sitini na sita. Meza yake iko Suna, mjini Migori, kwenye baraza la duka la fotokopi. Hapo hujaza fomu za basari, huandika barua za kwenda kwa chifu, na huwaandikia wachimbaji dhahabu wa Osiri mapatano yao ya kugawana mashimo. Ana kalamu tatu, mbili za bluu na moja nyekundu, na muhuri wa mpira wenye jina lake na maneno "Mwalimu Mstaafu na Mfasiri". Neno la mwisho alijiongezea mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alikuja Nyanza Kusini akitoka Kisii mwaka 1986, kijana Msabato mwenye cheti cha ualimu, akapangiwa shule ya sekondari ya bweni katika Homa Bay. Alikaa huko miaka thelathini na mitatu. Mwaka wake wa pili, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hesabu kwa kujitolea alirudi kwao na kumwachia kitabu kidogo kisicho na jalada, cha maneno ya mitaani ya Kiingereza. Machuki alikisoma kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. Alijifunza kwamba "bread" ni pesa, "the fuzz" ni polisi, "to kick the bucket" ni kufa, na "groovy" ni kitu kizuri kupita kiasi. Akanunua daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo wenye maduka huliita kaunta buku, akaanza kuyapanga.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliandika neno moja kwenye kona ya juu ya ubao. Wanafunzi walikisia maana. Mmoja akisema "bread" ni mkate, Machuki alimwuliza kama angependa kuula mshahara wa mwalimu na chai. Darasa lilicheka. Wanafunzi wake wa zamani, baadhi yao sasa wakiwa wauguzi na makarani, wanazikumbuka Ijumaa hizo kuliko somo lolote. Walimwita Groovy. Alilijua jina hilo na alilipenda, ingawa alijifanya kulikemea.

Alikuwa na sheria moja. Neno ni neno likishachapishwa kitabuni. Kuanzia miaka ya 2010 wanafunzi walirudi kutoka likizo na maneno mapya waliyoyatoa kwenye simu za kaka na dada zao, wakayapeleka kwake kama mtu anavyopeleka samaki kwa mnunuzi anayemwamini. Machuki aliyakataa karibu yote. Aliwaambia walete kamusi, na kamusi hawakuwa nayo.

Valentine alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Ni mtoto wa Sori, upande wa Nyatike, ambako mama yake, Bathsheba Awino, huanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2019, mwaka uleule Machuki alipostaafu na kuhamia Suna. Alama zake hazikumpeleka chuo. Machi 2024 wakala mmoja mwenye ofisi Homa Bay alimtafutia kazi ya nyumbani Ghuba, mkataba wa miaka miwili, na kwa maandishi akaahidi kwamba ofisi yake ingefuatilia hali ya msichana kila mwezi.

Miezi miwili ya kwanza Valentine alimpigia mama yake simu, wakazungumza Dholuo. Kisha simu zikakoma. Mwajiri alikuwa amepiga marufuku lugha yoyote asiyoielewa. Ujumbe uandikwe kwa Kiingereza tu, naye ausome kabla haujatumwa. Kiingereza cha mwajiri huyo kilikuwa cha shule, safi na kilichonyooka. Valentine akatafuta Kiingereza kingine chenye mlango wa nyuma, na akamkumbuka mtu mmoja tu aliyekijua, ambaye mama yake angeweza kumfikia kwa gari la asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya jua kutua.

Ujumbe wa kwanza ulisema hivi: "Mama give Mwalimu Machuki to read. Madam is kind cap. I eat three times a day cap. I am cooked. No cap."

Bathsheba alifika Suna na simu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Kiingereza chake ni cha kusalimia tu, na Dholuo cha Machuki ni cha sokoni, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Machuki alifurahi kutajwa. Kwanza aliunakili ujumbe wote kwa mkono kwenye karatasi. Kisha, kwa mazoea ya miaka thelathini na mitatu, alichukua kalamu nyekundu.

Alipigia mstari "am" na juu yake akaandika "have". Alimweleza Bathsheba kwamba binti amesahau sarufi, lakini si kosa kubwa, kwa kuwa wanafunzi wote wa eneo hili hukosea papo hapo: mtu ana "nimepika" kichwani, au "asetedo" ya Dholuo, na inapotoka kwa Kiingereza inakuwa hivyo. Valentine alitaka kusema amepika. Ndiyo kazi aliyoiendea. Hapo hakukuwa na fumbo.

"Cap" ilimchukua muda zaidi. Alilifungua daftari kwenye herufi B hadi D, sehemu ya mbele, ambako maneno ya kile kitabu kisicho na jalada yamepangwa kwa wino wa bluu. Hakulikuta. Basi "cap" ingekuwa "cap", kofia. Bibi mwenye nyumba ni mwema, amempa kofia. Anakula mara tatu kwa siku, tena kofia. Amepika, bila kofia. Machuki aliiona maana ikijipanga vizuri: huko jua ni kali, mwajiri amempa kofia ya kutokea nje, na akiingia jikoni anaivua.

"Kofia ngapi, Mwalimu?" Bathsheba aliuliza.

"Imetajwa mara mbili. Naandika mbili."

"Mbili," Bathsheba alisema. "Na hapa nilimnunulia moja tu, ya kanisa."

Machuki aliyaandika hayo yote kwa Kiswahili, akatia tarehe, akapiga muhuri. Bathsheba alirudi Sori na karatasi. Wanawake wanaoanika naye wanasema aliitoa mara nyingi mpaka ikakatika kwenye mkunjo. Kulikuwa na wasichana wengine kutoka ufuo huo waliokwenda Ghuba, na hakuna aliyewahi kusikika kapewa kofia.

Ujumbe wa pili ulikuja Septemba. "Mama Mwalimu must read well well. I am so cooked. I want to dip. Please help me dip. No cap Mama no cap."

Safari hii "dip" ilikuwamo kwenye daftari. Kwa wino wa bluu, imeelezwa: mwizi wa mifukoni. Machuki aliisoma, akaifunika kwa kiganja. Baadaye alisema hakutaka kumtia mama wa watu wasiwasi kuhusu wizi. Akachukua maana ya kawaida, kuchovya, na kwa kuwa habari ya kupika ilikuwa imetangulia, yaliyobaki yalifuata yenyewe. Msichana amepika sana, ametamani chakula cha nyumbani. Anataka kuchovya ugali kwenye mchuzi. Anaomba asaidiwe.

Bathsheba alilia kidogo mbele ya meza, kilio cha kuridhika. Alisema mtoto huyo tangu utotoni hakumaliza tonge bila kulizamisha.

Machuki akapiga muhuri wa pili. Siku ya tatu Bathsheba alipanda gari hadi Homa Bay na kilo mbili za omena kavu, zilizochaguliwa moja moja, pamoja na karatasi zote mbili. Alimwomba wakala amsafirishie binti yake mboga hiyo. Wakala aliipokea omena. Karatasi alizitoa fotokopi, akamrudishia mama zake, na nakala akazitia kwenye faili la Valentine, chini ya kichwa kinachohusu ufuatiliaji wa hali ya mfanyakazi. Ndizo karatasi pekee zilizomo chini ya kichwa hicho. Omena haikufika Ghuba.

Baada ya hapo kulikuwa na kimya cha miezi minne.

Januari 2025 kioo cha simu ya Bathsheba kilipasuka. Aliipeleka mjini Migori, kwenye duka la vifaa vya simu la mfanyabiashara aitwaye Hamud, ambako binti yake Shamima, wa miaka kumi na tisa, ndiye hubadilisha vioo. Shamima alibandika kioo kipya, na ili ahakikishe kinaitikia kidole, akafungua kitu cha kwanza kilichokuwa mbele. Ulikuwa ujumbe wa Septemba. Akaupandisha hadi wa Julai. Bathsheba anakumbuka kwamba msichana aliacha kutafuna bigijii.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mtoto yangu. Anapika huko nje. Ako na kofia mbili."

Shamima alimtazama, akadhani anataniwa. Akamwomba aketi kwenye kiti cha baba yake. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili cha duka:

"Mama, hapa hakuna kofia. 'Cap' ni uongo. Mtu akisema kitu, halafu aweke 'cap', anakuambia hicho nimesema ni uongo. 'No cap' ndiyo ukweli."

Shamima akarudi mstari wa kwanza, akaupitia kwa kidole. Bibi ni mwema: uongo. Nakula mara tatu: uongo. "I am cooked" si nimepika. Ni nimekwisha. Hii ndiyo kweli.

"Na kuchovya?" Bathsheba aliuliza.

"Kuchovya gani?"

"Hapo chini. Anataka kuchovya."

"Anataka kutoroka, Mama. Anaomba mumsaidie atoroke. Tangu mwezi wa tisa."

Bathsheba anasema hakulia dukani. Aliuliza bei ya kioo, akalipa, akasahau simu mezani. Shamima alimkimbilia nayo hadi barabarani, na akiwa hapo akamwambia kwamba ana mjomba, Suhail, dereva wa lori katika nchi hiyohiyo aliko Valentine.

Suhail aliipata nyumba baada ya wiki tano, kisha akawaongoza maofisa wa ubalozi hadi mlangoni. Valentine alitua Nairobi tarehe 11 Machi 2025. Alikuwa na uzito wa kilo thelathini na nane. Sikio lake la kushoto halisikii. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, na hawezi kukamata omena ndogo kuitenga na mchanga, kazi aliyoijua kabla ya kusoma. Kati ya Julai na Machi, anasema, mengi kati ya hayo yalimpata baada ya ujumbe wa pili.

Aprili alikwenda Suna peke yake. Machuki alimwona akija, akasimama na kumpa mkono, akaita jina lake kamili kama alivyolisoma kwenye daftari la mahudhurio. Valentine alikaa upande ambao sikio zima lingemwelekea.

Kwa muda walizungumza kuhusu shule. Kisha akamwuliza kama alisoma ujumbe vizuri. Machuki alisema lugha ile haimo kwenye kamusi yoyote aliyo nayo, na kwamba mwanafunzi wake mwenyewe angemwandikia Kiingereza sanifu, sasa hivi wangekuwa wanazungumza mengine.

"Nilikupatia hilo neno, Mwalimu," Valentine alisema. "Form three. Nilisimama, nikakuambia 'cap' ni uongo, 'no cap' ni ukweli. Darasa lote lilisikia. Ukaniambia 'cap' ni kofia, keti."

"Watoto walisema mengi siku hizo."

"Uliandika. Nilikuona ukiandika."

Daftari lilikuwa mezani. Machuki hakulifungua. Valentine alilivuta kwa mkono wa kushoto, akalifungua kwa nyuma, mahali ambapo wanafunzi hawakuwahi kuonyeshwa. Kurasa hizo hazikuwa za wino wa bluu. Zilikuwa za penseli: maneno ya watoto, mwaka baada ya mwaka, kila moja na tarehe yake na jina la aliyelileta. Machuki aliyakataa mbele ya darasa na kuyaandika akiwa peke yake. Kisha akayakata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hayakuwa yamechapishwa.

Ukurasa wa 211, Ijumaa tarehe 12 Oktoba 2018, unasema: "Cap, uongo. No cap, kweli tupu. V. Akeyo." Juu yake kuna mstari mwekundu ulionyooka, uliochorwa kwa rula, na pembeni: "Takataka za mitandao." Maandishi chini ya mstari yanasomeka bila shida.

Valentine aliusoma, akalifunga daftari. Alimwambia Machuki kwamba huko nyumbani kwa watu, kila alipoandika, alijiambia kwamba Mwalimu analo neno hili, nilimpa mwenyewe. Kisha akaenda kupanda gari.

Wakala alishtakiwa Agosti. Utetezi wake ni mfupi. Alifuatilia hali ya mfanyakazi kama mkataba ulivyotaka, na ana karatasi mbili zenye muhuri wa mwalimu wa Kiingereza wa miaka thelathini na mitatu, zikisema msichana anakula, ana kofia na amekumbuka mboga ya kwao. Kuhusu maana nyingine ya maneno hayo, wakili wake anadai ilibuniwa baada ya msichana kurudi. Anasema mtu yeyote anaweza kusema leo kwamba kofia ni uongo.

Kitu kimoja kinalijibu dai hilo, na kimo katika ukurasa wa 211: tarehe, jina na maana, miaka mitano na nusu kabla ya safari. Mwendesha mashtaka alipomwandikia Machuki Januari mwaka huu kumtaka alete daftari, alijibu katikati ya Februari kwa barua nzuri, isiyo na kosa hata la nukta, kwamba daftari lilinyeshewa na halisomeki.

Valentine aliposomewa barua hiyo alisema neno moja tu, "cap", na mwendesha mashtaka, ambaye ni kijana, hakuhitaji kufasiriwa.

Wiki hiyohiyo Bathsheba alipita Suna. Hakuwa amekwenda kwa ajili ya kesi. Kikundi chao cha akina mama wa omena kilitaka barua ya kuomba kujengewa vichanja vya kuanikia, naye hakujua mwandishi mwingine. Machuki alimwandikia, akakataa malipo. Alipokuwa akikunja karatasi, Bathsheba alimwuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza mwaka mzima.

"Jaduong', mzee wetu, ulijua hilo neno?"

"Sikujua, Mama Valentine."

"Hata mimi nimewaambia hivyo," Bathsheba alisema. "Wanasema maneno mabaya juu yako huko Sori. Nimewaambia Mwalimu hangejua halafu anyamaze. Nimewaambia hiyo ni lugha ya watoto, mtu mzima ataijulia wapi?"

Alimshukuru kwa barua na kumwachia omena kwenye karatasi ya gazeti. Machuki aliipokea.

Mahakama ilitoa amri ya kulichukua daftari. Alhamisi tarehe 26 Februari askari wawili walifika barazani na kulikuta palepale linapokaa siku zote, kavu, chini ya kopo la kalamu. Ukurasa wa 211 ulikuwamo. Tangu aandike barua ile Machuki alikuwa na siku kumi na moja za kuuchana. Karani wa duka la fotokopi, aliyemwona akilifungua kwa nyuma zaidi ya mara moja, alimwuliza kwa nini hakufanya hivyo. Machuki alimjibu kwamba madaftari ya aina ile yameshonwa: ukichana karatasi ya huku, ya upande wa pili inalegea, na upande wa pili kuna maneno ya mwaka 1994.

Kesi itaendelea Jumatano tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi, mjini Homa Bay. Machuki ni shahidi wa nne. Bathsheba amesema atakwenda na ataketi mbele, kwa sababu anataka Mwalimu aone uso anaoujua. Mwendesha mashtaka atamtaka shahidi ausome ukurasa wa 211 kwa sauti, na mkalimani wa mahakama ataufasiri kwa Dholuo.